Salome na Haki ya Mtunzi

Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Kagera, aliimba "Maria Salome" kwa Kihaya, akawachezesha hata wasiojua neno moja la lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya kwa mdundo wa kumbi za dansi. Wapo wanaolalamika kwamba ngoma imeharibiwa. Hatukubaliani nao, wimbo usiochezwa hufa. Tunalouliza sisi wa Kiseke ni hili: wimbo ukipigwa baa usiku kucha, mtunzi anapata nini? Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inampa haki ya kulipwa. Ndugu zetu wa Ukerewe wanaelewa: mvuvi hakubali samaki wake wapimwe naye hayupo. Basi afisa anayekagua leseni za pombe, Kiseke hata Nansio, aulize na kibali cha muziki.