Rejista Moja, Matawi Mengi

Vikundi vingi siku hizi vina tovuti, na mara nyingi tovuti kadhaa hukaa kwenye kompyuta moja ili kugawana gharama. Ni kama kukodi nyumba moja na kugawana vyumba. Sasa, funguo za vyumba anatunza nani?

Kikundi kimoja tulichotembelea kilichagua mweka hazina mpya. Yule wa zamani alikabidhi kitabu, muhuri na sanduku. Neno la siri la tovuti hakuna aliyelikumbuka. Miezi mitatu baadaye alikuwa bado anaweza kufungua hesabu na kuzibadilisha. Hakuiba kitu, lakini wanachama walianza kushukiana.

Dawa ni rejista moja ambayo tovuti zote huiuliza: "Huyu ni nani, na anaruhusiwa nini?" Utaratibu wa kuuliza hivyo unaitwa LDAP. Ulianzia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1993. Iko programu ya bure ya kazi hii, OpenLDAP. Rejista yenyewe hupangwa kama mti, na hapo ndipo wengi hukosea. Tufuate hatua hizi:

1. Kila tovuti iwe na tawi lake. Tawi huchukua jina la tovuti. Tuseme tovuti ni maziwa.example.org; tawi lake litaandikwa dc=maziwa,dc=example,dc=org. Chini yake tuweke vitawi viwili: watu na vyeo.

2. Tusimweke mtu chini ya cheo chake. Tukifanya hivyo, kila uchaguzi utatulazimu kung'oa watu na kuwapanda upya. Mtu aandikwe mara moja kwenye kitawi cha watu, kwa namba yake ya uanachama. Cheo kiwe orodha tu ya majina. Uchaguzi ukiisha, mwandishi anafuta jina moja na kuandika lingine. Siku hiyo hiyo ufunguo wa zamani unakataa.

3. Tufikirie walio katika vikundi viwili. Mama wa kikundi cha maziwa anaweza pia kuwa kwenye kikundi cha nyuki. Akiandikwa mara mbili, atakuwa na maneno mawili ya siri. Kama vikundi vinaaminiana, tawi la watu liwe moja kwa wote, na kila kikundi kiwe na orodha zake. Kama kila kikundi kinataka mambo yake yawe siri, heri aandikwe mara mbili.

4. Kila mwandishi aguse tawi lake tu. Fundi aweke sheria hiyo ndani ya rejista, si kwa mdomo. Maneno ya siri nayo yahifadhiwe yakiwa yamesagwa, maana unga haurudi kuwa mahindi.

Tahadhari moja: rejista ikiharibika, milango yote inafungwa pamoja. Kwa hiyo nakala iwekwe kwenye kompyuta nyingine, na ijaribiwe kabla ya shida.

Ya kujadili kikundini:
- Ni nani leo ana ufunguo wa tovuti yetu, na bado ana cheo?
- Tukimchagua mwingine kesho, nani atafuta jina la zamani, na kabla ya saa ngapi?
- Nakala ya rejista yetu iko wapi?