Viberiti vya Kale na Tabakelo za Wazee

Ukiishika Barabara ya Waiyaki kutoka katikati ya jiji la Nairobi, ukaipita Kangemi, utafika Uthiru, mtaa ulio mpakani mwa jiji na Kaunti ya Kiambu, ambako majumba ya ghorofa yamesimama juu ya mashamba ya jana, na ambako bado hukosi mzee wa Kikuyu ambaye, kabla ya kutoa neno lake katika baraza ya posa, hutia mkono mfukoni, akabana ugoro kwa vidole viwili, akavuta, kisha akampokeza jirani yake. Ugoro huo ni tumbaku iliyosagwa ikachanganywa na magadi. Na chombo chake, tabakelo, ambacho siku hizi aghalabu ni kichupa cha plastiki, zamani kilikuwa kazi ya fundi: kibuyu kidogo au kipande cha pembe ya ng'ombe, chenye kifuniko cha ngozi na mkufu mwembamba uliosukwa pete kwa pete. Wamasai nao walifanya chao kwa mwanzi au pembe, wakakivika ushanga. Na Wakamba walisifika kwa ustadi wa mikufu yenyewe.

Nasema mapema lililo moyoni mwangu: mtu wa Nairobi atamaniye kukusanya zana za kale za tumbaku na aanzie hapo, kwa tabakelo ya mzee wa kwao, kabla hajayatupa macho kwenye viberiti vya Marekani na Uingereza, si kwa kuwa viberiti hivyo ni duni, hasha, bali kwa kuwa vya kigeni vimekwisha kuandikwa na waliovitengeneza, hata mwezi wa kufuliwa kwake ukajulikana, ilhali tabakelo ya Kabete au ya Machakos haina cheti ila kumbukumbu ya aliyeivaa.

Pwani nako kulikuwa na kiko cha maji, ambacho kila kiungo chake kilikuwa na jina: bori ndimo ilimotiwa tumbaku, digali ikaushusha moshi majini, kifuu cha nazi kikayahifadhi maji, na shilamu ikauleta moshi mdomoni, hata mlio wa maji yakibubujika uliitwa malio ya kiko. Shisha, iliyopigwa marufuku nchini Kenya mnamo Desemba 2017, ni ya ukoo huo huo, ingawa wachache kati ya vijana waliokuwa wakiivuta mjini walijua kwamba mababu wa Lamu na Mombasa waliwatangulia.

Ama viberiti vya chuma, asili yao ni hadithi ya kustaajabisha. Zamani moto ulitafutwa kwa kupekecha vijiti, au kwa kugonga gumegume na chuma, na katika kugonga huko cheche hutoka katika chuma, wala si katika jiwe. Mwaka 1903 mtaalamu wa kemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alipata hataza ya mchanganyiko wa madini ya seriamu na chuma ambao, ukikwaruzwa kidogo tu, vumbi lake huwaka lenyewe hewani. Mtu huyo ndiye aliyebuni pia kile kitambaa chepesi king'aacho ndani ya taa ya karabai. Basi nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilipata nuru yake kwa njia mbili bila kumjua jina. Kijiwe chake ndicho kinachosuguliwa na gurudumu katika kiberiti cha leo, hata kile cha bei ya chini chenye kurunzi kitakoni, kiuzwacho kioskini.

Kwa msingi huo walijenga wengine. Huko Newark, Louis Aronson alitoa kiberiti cha Ronson cha mwaka 1926, ambacho kwa kubonyezwa mara moja huwaka na kwa kuachiliwa huzima. Na katika mji wa Bradford, Pennsylvania, George Blaisdell alianzisha kampuni ya Zippo mwaka 1932, akauza viberiti vyake vya kwanza kwa dola 1 na senti 95, pamoja na ahadi ya kuvitengeneza bila malipo daima. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi yote ya kiwanda hicho ilikwenda kwa majeshi ya Marekani, na kwa kuwa shaba nyeupe na nyekundu ziliadimika, viberiti vikafanywa kwa chuma na kupakwa rangi nyeusi yenye mikunjo. Mwenye kuokota cha namna hiyo asithubutu kuikwangua rangi hiyo. Kadhalika, kabla ya kununua Zippo, kigeuze utazame kitako: vya tangu katikati ya miaka ya 1950 vina nukta, vikafuatiwa na vistari, na tangu 1986 herufi A hadi L huonyesha mwezi, Januari hadi Desemba, pamoja na alama ya mwaka. Muuzaji anaweza kuapa atakavyo. Kitako kitanena kweli.

Kiberiti kisichowaka, kwa maoni yangu, kimepatikana nusu tu. Kilichokaa miaka mingi kabatini huwa kijiwe chake kimevimba na kusagika, kikaziba mrija. Kitoe kwa subira, kwa msumari mwembamba, usije ukaharibu nyuzi za skrubu. Pamba iliyokauka ibadilishwe, utambi usogezwe, kisha utie mafuta yaliyotengenezwa kwa viberiti, wala si petroli ya gari, ambayo hunuka na kuacha uchafu. Baada ya kujaza, futa chombo na mikono yako, ungoje kidogo kabla ya kukwaruza. Kibuyu cha ugoro hakitaki haya yote: kiwekwe mbali na jua kisipasuke, na unyevu usikiozeshe.

Wala hapana ulazima wa kuvuta. Tumbaku imewaua wengi, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilikataza kuvuta hadharani na kuuza sigara mojamoja, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Kiberiti kizuri huwasha mshumaa umeme ukikatika, na jiko alfajiri, na heshima yake haipungui hata chembe.

Mfano wa kukusanya tunao hapa jijini. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, alikusanya sanaa na vitabu vya Afrika kwa miaka mingi, na sehemu ya hazina hiyo yaweza kuonwa leo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi. Kwa hiyo ukiletewa tabakelo, andika siku hiyo hiyo nani aliivaa, alikaa kijiji gani, na fundi wake alikuwa nani. Ukiona imefanywa kwa pembe ya ndovu au ya kifaru, usiinunue, hata ukipendezwa namna gani, kwani biashara hiyo ni haramu nchini. Na ikiwa chombo kilitengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 hukihesabu kuwa kitu cha kale, wala hakitoki nchini bila kibali.