Kiraka, Pandikizi na Kikonyo: Maneno ya Upasuaji wa Kifua

Upande wa Kivukoni, Dar es Salaam, imesimama hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani. Mionzi itumiwayo kutibu saratani ya titi huua ugonjwa, lakini pengine hudhoofisha pia mishipa midogo ya damu ya kifua; na kidonda kikitokea mahali hapo, huwa kigumu kupona.

Kukifunika kwa ngozi iliyobanduliwa pajani mara nyingi hakufai. Ngozi hiyo huja bila damu yake, nayo haina budi kulishwa na mahali iwekwapo, ambapo damu ni haba. Tendo hilo Kiswahili hulitaja vizuri kwa neno kupandikiza, la mkulima ahamishaye mche: ardhi ikiwa kavu, mche hufa.

Njia nyingine ni kuuinua msuli mpana wa mgongo pamoja na ngozi iliyo juu yake, bila kuukata mshipa wa damu uulishao, utokao kwapani. Msuli hupitishwa chini ya ngozi ya kwapa hata kifuani, ukaziba pengo, nao huendelea kuishi kwa damu yake wenyewe. Iginio Tansini, mpasuaji wa Italia, aliieleza njia hii mwaka 1906. Ikasahauliwa, hata ikafufuliwa katika miaka ya 1970.

Je, iitweje? Neno lijalo upesi ni kiraka. Lakini kiraka cha fundi cherehani wa Kariakoo ni kipande kilichokatwa kabisa kutoka kitambaa kingine, wala hakina uhai. Pandikizi nalo limekwisha kupata kazi yake.

Jambo hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Mgonjwa aambiwaye kuwa ametiwa kiraka hataona sababu ya kukatazwa kuulalia ubavu ule. Kumbe mshipa ukibanwa siku za kwanza, msuli wote waweza kufa.

Kiswahili kinalo neno kikonyo. Embe hulishwa kwa kikonyo, nacho kikivunjika, halikui tena. Basi tukio hili likiitwa kuhamisha msuli wenye kikonyo, tofauti yake na kupandikiza hubainika katika jina lenyewe, na mgonjwa hujua ni kitu gani impasacho kukilinda.