Kitabu Kitandani

Paukwa! ... Pakawa! Haya. Hii ya leo, wajukuu zangu, haina sungura wala jini. Ni mambo ya kweli, ya London, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Askari waliojeruhiwa Ufaransa walikuwa wakivushwa bahari kurudishwa Uingereza kila kukicha. Mwaka 1915, katika mtaa wa Endell, ikafunguliwa hospitali ya kijeshi yenye vitanda zaidi ya 500. Wakuu wake walikuwa madaktari wawili, Flora Murray na Louisa Garrett Anderson, na karibu wote waliofanya kazi mle walikuwa wanawake. Wakati huo mwanamke wa Uingereza hakuruhusiwa hata kumpigia kura mbunge. Basi pata picha ya askari anayeingizwa kwa machela, anafumbua macho, anamwona daktari wa kumpasua: amevaa sketi!

Sasa niambieni, jeraha likishafungwa, mgonjwa anabaki na nini? Mguu umening'inizwa, usingizi hauji, jirani yake anakoroma, na mawazo yanamrudisha kulekule vitani. Wale madaktari wakaona dawa ya chupa peke yake haitoshi. Wakawaita waandishi wawili, Elizabeth Robins na Beatrice Harraden, waje kuanzisha maktaba.

Mngekuwa nyinyi, mngepanga vitabu kabatini mkakaa kusubiri wasomaji? Mwenye mguu uliovunjika hawezi kuja! Kwa hiyo wakutubi wakaingia wodini wenyewe, kitanda hadi kitanda, wakimuuliza kila mtu anapenda kusoma nini.

Majibu yakaja ya kila namna. Huyu anataka hadithi za kusisimua, yule anataka kitabu cha ufundi, akipona arudi kazini na maarifa mapya. Mwandishi aliyeulizwa sana alikuwa Nat Gould, mtunzi wa hadithi za mashindano ya farasi. Wasomi wengi wangekunja pua. Harraden hakukunja. Watu wanamtaka Gould? Basi atafutwe Gould! Mwaka 1916 akaandika makala nzima kuhusu yale wanajeshi wanayosoma.

Na asiyeweza kushika kitabu kizito? Naye alikumbukwa. Bi Helen Mary Gaskell, mwaka 1914, alikuwa ameanzisha maktaba ya kukusanya vitabu kutoka kwa raia na kuvipeleka hospitali za vita. Kwa wagonjwa waliodhoofu sana, watu walibandika picha, vichekesho na visa vifupi kwenye madaftari mepesi. Ukichoka, unafunga, kesho unaendelea.

Mnaona basi? Hawakuanza kwa kusema, “Hiki ndicho kitabu kizuri, kisome.” Walianza kwa kuuliza. Nanyi siku mkiingia maktaba, mkutubi akawauliza mnataka nini, msitaje vitabu vya kujionyesha. Anayependa mpira aseme mpira, anayependa majoka aseme majoka. Msomaji huanzia hapo.