Nakala Mbili za Kitabu Kimoja

Kila Septemba, mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, hupokea wauzaji wa vitabu vya kale zaidi ya 200. Hawapangi bidhaa zao ndani ya kuta za mawe zinazouzunguka mji wala karibu na kanisa kuu la Minster, bali katika ukumbi wa uwanja wa mbio za farasi. Wengi wanaosikia habari za maonyesho haya hudhani ni mnada wa matajiri. Mimi naona thamani yake iko kwingine: hapo mtu wa kawaida, asiye na barua ya chuo wala miadi ya maktaba, anaruhusiwa kushika kitabu cha miaka 250 na kujionea kwamba nakala mbili za kitabu kimoja ni vitu viwili tofauti.

Ushahidi mzuri umezaliwa York penyewe. Laurence Sterne, kasisi wa eneo hilo, alitoa juzuu mbili za kwanza za riwaya yake Tristram Shandy mwishoni mwa 1759, zikachapwa mjini humo katika kiwanda cha mjane Ann Ward. Juzuu ya tatu, ya mwaka 1761, ina karatasi isiyo na neno hata moja, iliyojaa mawimbi ya rangi pande zote mbili. Fundi alinyunyiza rangi zielee juu ya maji yaliyofanywa mazito, akalaza karatasi juu yake, akaiinua, akaisubiri ikauke, kisha akarudia upande wa pili. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, nakala baada ya nakala, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana. Zaidi ya hapo, Sterne alikerwa na watu waliouza vitabu bandia kwa jina lake, hivyo akatia sahihi kwa wino nakala za toleo la kwanza la juzuu ya tano, moja baada ya nyingine. Picha ya intaneti itakuonyesha nakala moja tu, nawe utaamini umekiona kitabu.

Wapo watakaosema picha hizo zimewafikishia wasomaji wa Mombasa au Bujumbura kurasa ambazo wasingeziona kamwe. Ni kweli, na ni neema kubwa. Lakini picha huleta maneno, na kitabu kina ushahidi mwingine usio wa maneno. Inua ukurasa wa karne ya 18 mbele ya taa: utaona mistari iliyoachwa na nyaya za chekeche lililotengeneza karatasi, na pengine alama ya kiwanda. Pitisha kidole juu ya herufi, utahisi jinsi metali ya chapa ilivyoibonyeza karatasi. Mikono safi na mikavu inatosha. Glovu hupoteza hisia za vidole na zinaweza kuchana ukurasa. Kuhusu bei, vya maelfu ya pauni vipo, lakini pia vipo vya pauni chache, na kutazama si kununua.

Hoja nzito zaidi ni ile ya wizi na urithi wa watu. Kama kila nakala ni ya pekee, basi iliyoibwa haina mbadala, na biashara hii imewahi kupitisha mali ya maktaba. Siikatai hoja hiyo. Inatugusa hata sisi. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikusanya hadithi za Kiswahili Unguja, akazichapisha London mwaka 1870, na miswada mingi ya tenzi zetu kwa herufi za Kiarabu imehifadhiwa London pia. Mswada wa pekee siutaki kabisa kwenye meza ya biashara. Kitabu kilichochapwa nakala nyingi ni jambo jingine, na heri kiuzwe hadharani, mbele ya wauzaji wengine na wateja wanaojua kuuliza, kuliko kuuzwa gizani. Ukikuta hadithi za Steere mezani, fungua kurasa za mwanzo na za mwisho kabla ya kutazama bei. Ukiona karatasi imekatwa au mhuri umekwanguliwa, uliza kitabu kimetoka wapi. Maktaba inayoondoa kitabu kihalali kwa kawaida hukigonga mhuri wa kuonyesha hivyo, na muuzaji mwaminifu hatakereka kuulizwa. Akikosa jibu, kirudishe mezani, hata kama bei ni ya kutupa.