MWANZO WA INSHA

Mgeni akifika nyumbani kwa mtu hupiga hodi, husalimu, kisha hueleza lililomleta. Akizidisha salamu mpaka jua likachwa, mwenyeji huchoka naye. Mwanzo wa insha ni vivyo hivyo. Kazi zake ni mbili: kumvuta msomaji, na kumjulisha jambo atakaloelezwa.

Kwa mfano, mwanafunzi ameambiwa aandike habari za karafuu za Unguja na Pemba. Huenda akaanza hivi: “Duniani iko mimea mingi. Mimea mingine ni mikubwa na mingine ni midogo. Mimea yote ina faida kwa watu.” Maneno haya hayamwelezi msomaji jambo asilolijua, wala karafuu haikutajwa. Yangeweza kuwekwa juu ya insha ya mahindi au ya mibuyu. Mwanzo ufaao kila insha haufai insha yo yote.

Basi na azifikiri habari azijuazo, achague moja iliyo ya karafuu hasa, aandike: “Mwaka 1872 tufani kali iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu mingi sana, lakini Pemba haikudhurika sana. Tangu hapo Pemba ikaishinda Unguja kwa wingi wa karafuu. Insha hii itaeleza jinsi mikarafuu ilivyoletwa visiwani, jinsi inavyotunzwa, na jinsi karafuu zinavyochumwa na kuanikwa.” Sasa msomaji ameonyeshwa mahali, mwaka na msiba, naye ataka kujua yaliyofuata. Tena amekwisha ijua njia atakayopitishwa.

Lakini mwanzo ni ahadi. Aliyeahidi mambo matatu hana budi kuyatimiza yote, kwa taratibu ile ile. Mara nyingi fikira mpya humjia mtu akiwa katikati ya kuandika, na insha ikafuata njia nyingine. Kwa hiyo, akiisha kumaliza, arudi kuusoma mwanzo wake na kujiuliza: Je, waweza kuwekwa juu ya insha nyingine? Je, umeahidi jambo lisiloelezwa mbele? Je, liko neno liwezalo kuondolewa bila hasara? Aonapo kosa, afute, aandike tena.

Kazi hii si ya bure. Mtu aweza kuwa na habari njema, nazo zisisomwe kwa kuwa mwanzo wake umemchosha msomaji. Sentensi tatu au nne zilizofikiriwa vema zatosha. Wazee husema: Nyota njema huonekana asubuhi.