Elimu ya Mikono: Mafunzo ya Wahudumu wa Dharura Ufuoni mwa Ziwa
Sehemu ya Pili: Aliyeghariki

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa Ibara yake ya 43, ilivyoharamisha mtu yeyote kunyimwa tiba ya dharura. Leo twataka kubainisha kwamba haki hiyo haimfikii mgonjwa ila kwa mikono iliyofunzwa, nayo mikono haifundishiki kwa kusikia tu.

Natutwae mfano wa hapa petu Kisumu. Mvuvi wa omena aliyeghariki usiku, akaopolewa na wenziwe na kulazwa mchangani Dunga, aghalabu hakuzimia kwa maradhi ya moyo, bali kwa kukatikiwa na hewa. Kwa hiyo mwanafunzi hufunzwa kuanza na pumzi, akiinamisha kichwa cha mgonjwa nyuma, akiinua kidevu, akiziba pua, na kupuliza mpaka aone kifua kinapanda, ndipo akibonyeze kidari mara 30, kisha pumzi 2, na kurudia bila ajizi. Ada ya kumning'iniza mtu kichwa chini, au kumkamua tumbo ili maji yatoke, sharti iachwe, kwani hupoteza dakika za thamani na huweza kupandisha matapishi yakaingia mapafuni.

Maneno haya, ewe msomaji, umeyasoma kwa kitambo kidogo, na labda wadhani umekwisha kuyajua. Walakini kina cha sentimita 5 hadi 6, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kukiachia kifua kirudi chote kabla ya kukibonyeza tena, ni mambo ambayo akili huyakubali upesi na viwiko huyakataa. Mwanafunzi mgeni hupinda mikono, huenda mbio, na kabla ya dakika 2 kutimia nguvu zimemwishia. Ndipo mwalimu humwamuru mwenziwe apokee, naye arudie zamu yake ikifika.

Hurudia juu ya mwanasesere, chombo alichokitoa mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, ambaye mwenyewe aliwahi kumwokoa mwanawe mdogo asife maji. Juu yake kosa halimdhuru mtu, na kwa hiyo huweza kurudiwa hata lisahihike.

Hata hivyo, kutoka Dunga mpaka hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita "Russia", ni mwendo wa kuuvuka mji, ilhali ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika kwa dakika chache tu. Mikono iliyo karibu na mgonjwa ni ya wavuvi wenziwe na wachuuzi wa samaki. Basi mwanafunzi aliyehitimu ana deni: amchukue mwanasesere wake, ashuke naye mchangani, awapigishe magoti watu wa ufuo, nao wabonyeze mpaka viwiko vyao vinyooke.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza namna ya kuzuia damu inayobubujika.